Kompyuta Iliyopima Jinsi Akili Yangu Inavyogeuka

Jumatatu, 2 Julai 2001
Baridi ya Kasense leo, meno yanagongana. Lakini habari njema! Mtafiti mmoja, Bi. Lydia, kaleta kompyuta ya kukunja kwenye ukumbi wa parokia. Ndani kuna programu inayopima jinsi akili inavyohama kutoka kazi moja kwenda nyingine. Maajabu! Atakayefanya vizuri ataajiriwa kumsaidia kule Mpui na Milepa. Mimi nilikuwa karani miaka kumi na tisa, mpaka shirika likabinafsishwa tukapunguzwa. Kazi hii ni yangu.

Jumanne, 3 Julai
Nimemtanguliza shemeji Adolfu apimwe, aje anipe siri. Kasema zinatokea duara na pembetatu, nyekundu na bluu. Unabonyeza kwa kufuata rangi. Kengele ikilia, unafuata umbo. Ikilia tena, unarudi kwenye rangi. Kanitajia picha ishirini kwa mpangilio. Nimezikariri zote! Mke wangu Kristiana kauliza kwa nini namwita jogoo pembetatu nyekundu. Hajui mambo makubwa.

Jumatano, 4 Julai
Nimepimwa. Picha ya kwanza siyo ya Adolfu! Kumbe programu inazichanganya upya kwa kila mtu. Werevu ulioje! Nikashikilia orodha yangu, nikiamini kompyuta itajirudi. Haikujirudi. Kengele ikalia. Kwa kuchanganyikiwa nikadhani ni ya kumaliza. Nikasimama, nikashukuru, nikaaga. Bi. Lydia akasema kwa upole kwamba ndiyo kwanza tunaanza.

Alhamisi, 5 Julai
Wa mwisho! Kati ya watu thelathini na mmoja! Kazi kapata Cornelia, muuza togwa. Nikaenda sokoni kumtafutia kasoro. Nimekaa saa nzima. Anamjibu mama mkwe kwa Kifipa, anapatana bei na wafugaji kwa Kisukuma, anapima ulezi, ananyonyesha, na togwa haimwagiki hata tone. Mwanamke huyu ni moto wa kuotea mbali. Kompyuta haikukosea. Nimeumia, lakini haikukosea.

Jumamosi, 7 Julai
Anatakiwa msaidizi wa pili! Tunapimwa tena Jumatatu. Nimemeza aibu, nikamwomba Cornelia siri yake. Akacheka. “Baba Adriano, siri sina. Usikariri. Tazama tu kilicho mbele yako.”
Hekima iliyoje! Nimeiandika kwenye karatasi. Tangu asubuhi nimeikariri mara mia mbili. Kristiana anapiga kelele kwamba maharage yanaungua hapa mbele yangu. Asinivuruge!