Madirisha Nimeshaapa

Jumatatu, 3 Machi
Shemeji, kaka wa mke wangu, kaja kupima nyumba. Kazi yake ni kuondoa sumu kwenye majengo ya zamani, na anavyojidai utadhani yeye ndiye aliyeigundua. Kasema dari ni ya asbesto na rangi ya madirisha ina madini ya risasi. Nisiguse kitu, vumbi lake linadhuru watoto. Mke wangu kamchukua binti yetu wa mwaka na nusu, wamehamia kwa mama mkwe. Hawarudi mpaka shemeji aweke sahihi kwamba nyumba ni salama. Nyumba imepooza. Nimekula mkate mkavu, nimesimama.

Jumanne, 4 Machi
Shemeji ataanza keshokutwa. Nikimaliza madirisha leo, wangu watarudi mapema na yeye atabaki mdomo wazi. Nimefunga leso puani. Nimepiga msasa dirisha la chumba cha mtoto hadi mbao zikang'aa. Vumbi jingi! Nimelifagia, likahamia sebuleni. Nikawasha feni ilitoe nje. Feni ikaligawa chumba kwa chumba, bila upendeleo.

Jumatano, 5 Machi
Shemeji kaleta vifaa vya kesho, kapitisha kidole juu ya kabati. Kauliza nimegusa nini. Nikasema ni upepo. Kauliza upepo gani unatumia msasa. Alikuwa ameshauona mfukoni mwa shati langu. Kazi ya siku tatu imekuwa ya siku saba. Kanitoa nyumbani kwangu mwenyewe, kanipeleka kupimwa damu. Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara kanihifadhi. Mke wangu kwenye simu hakugomba. Kasema tu mtoto ananiita kila mlango ukifunguliwa. Nimelia kidogo. Shemeji asijue.

Jumatano, 12 Machi
Damu yangu salama. Shemeji na mafundi wake wamemaliza, nami nimewachungulia wiki nzima. Dari wanailowesha kwa maji ya sabuni, wanashusha vipande vizima, wanavifunga plastiki mara mbili utadhani ni mayai. Hata rangi wanaikwangua ikiwa imelowa. Uvivu mtupu. Lakini sahihi imewekwa.

Alhamisi, 13 Machi
Wamerudi! Binti kanirukia, hataki kushuka. Mke wangu kaniapisha nisiguse tena madirisha ya zamani. Nimeapa kwa moyo mmoja. Kwa furaha nitamtengenezea mtoto kitanda. Jengo la nyuma linabomolewa, wametupa mlango wa mbao ngumu, rangi yake kuukuu inabanduka yenyewe. Nimeuingiza chumbani kwake. Kesho mama yake akienda sokoni, naupiga msasa. Nimekifikiria sana kile kiapo. Mlango haukutajwa.