Nitafika Harusini kwa Helikopta

Jumatatu, 4 Machi
Mdogo wangu wa kike anaolewa Jumamosi. Baba hatunaye tena, kwa hiyo mimi kaka mtu ndiye wa kumshika mkono na kuingia naye. Nilimwahidi. Tatizo: nafua mashuka kwenye meli ya watalii, na meli itafika bandari ya kwetu Jumanne ijayo, harusi imeshapoa. Nimeomba ruhusa kwa msimamizi wetu wa dobi. Tunamwita Bwana Pasi, maana hana mkunjo hata kwenye soksi. Akasema baharini hakuna kituo cha basi. Dobi nzima ikacheka. Kisha akachukua suti yangu ya harusi na kuinyoosha upya bila kuombwa, eti mstari wa suruali ulipinda kama njia ya mbuzi. Mjuaji! Ila imenyooka kweli.

Jumanne, 5 Machi
Wazo! Mwezi uliopita abiria mmoja alizidiwa, helikopta ikaja ikamchukua. Dakika ishirini, kwaheri meli. Kwani mimi sina viungo vya kuumwa? Nimechagua kidole tumbo. Nilipopeleka mashuka kwenye zahanati ya meli niliisoma picha ya mwili iliyo ukutani. Nikafanya mazoezi: kujikunja, kuuma meno, kushika upande. Kipaji ninacho.

Jumatano, 6 Machi
Nimemwambia daktari wa meli kidole tumbo kinaniua. Akauliza panauma wapi. Nikashika kushoto. Akasema kidole tumbo kiko kulia. Ile picha ilinitazama uso kwa uso, kulia kwake kwangu ni kushoto! Nikasema maumivu yamehama. Akanipa kidonge cha gesi. Bwana Pasi akaniuliza mbele ya watu kama gesi imetoka. Za mwizi ni arobaini, na zake nazihesabu.

Alhamisi, 7 Machi
Penye nia pana njia. Nimekula kopo zima la pilipili za kusindika ili nitoke jasho. Jasho likatoka. Na mengine yakatoka. Kufikia saa tatu asubuhi nilikuwa siigizi tena. Daktari alipobonyeza kulia nilimwona marehemu babu. Alipobonyeza kushoto nilimwona pia, lakini hapo nilinyamaza. Akazungumza kwa redio na daktari wa nchi kavu, wakakubaliana hawawezi kubahatisha na roho ya mtu. Tulikuwa mbali mno, helikopta isingefika, kwa hiyo nahodha akageuza meli kuelekea pwani. Meli nzima, kwa ajili yangu! Mama angeona.

Ijumaa, 8 Machi
Hospitali. Kwanza, helikopta haikutua! Inaning'inia hewani na kuteremsha machela kwa kamba ya chuma. Pili, kabla haijafika, kila kitambaa huondolewa kwenye sitaha, upepo usikipeperushe kwenye mapanga yake. Taulo mia nne za bwawa la kuogelea. Nani alizikusanya mbio? Bwana Pasi! Nilimwona amezikumbatia hadi kidevuni, shati limekunjamana. Raha iliyoje. Nikampungia mkono. Daktari akanitazama, nikaurudisha tumboni. Kisha nikapaa, macho nimefumba, nikimwahidi Mungu mambo mengi.

Rubani hakuniuliza naenda wapi. Alirudi alikotoka, kaskazini. Kwetu ni kusini, siku nzima kwa basi. Na suti nimeiacha melini! Daktari wa hapa anasema tumbo limechubuka, nilale hadi Jumanne. Nikamwambia nimepona kabisa. Akasema wagonjwa wote husema hivyo.

Jumamosi, 9 Machi
Mdogo wangu amepiga simu. Meli iko bandarini kwetu! Nahodha alikuwa ameshaiacha njia kwa sababu ya mgonjwa, kisiwa walichoahidiwa abiria kikakosekana, basi akawafidia kwa kuwaleta mji wetu. Wafanyakazi wa dobi wamepewa siku nzima nchi kavu. Wote. Ningepona mara tu meli ilipogeuka, nikarudi kufua mashuka yangu kimya, ningefika.

Bwana Pasi alipeleka suti yangu nyumbani ampe mama. Akamkuta bibi harusi analia, hana wa kumshika mkono. Suti ilimkaa vizuri, hasa suruali. Akaingia naye.

“Kaka, alikuwa anatetemeka kuliko mimi,” mdogo wangu alisema. “Akaniambia nisikukasirikie. Eti kaka anayekula kopo zima la pilipili ili afike, huyo ni kaka.”

Kumbe kopo alilikuta chini ya kitanda changu. Hakumwambia mtu. Nimelia, muuguzi akadhani ni tumbo.

Jumapili, 10 Machi
Nimetulia. Uongo si mzuri. Niseme ukweli, nipone, nipande basi kama watu.

Lakini mama anapika Jumanne mchana, anataka watoto wake wote mezani, na Jumanne ndiyo kwanza natoka hapa. Jirani wa kitanda cha pili ananiambia wagonjwa wa moyo hawalazwi hapa. Hupelekwa siku hiyohiyo kwa ndege hadi hospitali kubwa ya kusini. Kwetu kabisa!

Nimemwuliza muuguzi moyo uko upande gani. Akanitazama sana, akasema kushoto. Kesho saa mbili, baada ya chai. Kushoto.