Usaili wa Maskati kwa Simu ya Mama Neema

Leo nimeumbuka. Na si kuumbuka kwa kuteleza kwenye tope ukainuka, ukajipangusa, ukaangalia kama kuna aliyekuona. Mie nimeumbuka hadi nje ya nchi.

Nawaandikia nyote mliotawanyika, wa Nairobi, wa Uingereza, na wewe Pili uliye hapahapa mjini ukajifanya hupo. Natumia imeli ya ofisi. Bosi katoka, kasema anakwenda mkutanoni (mikutano yake yote iko Sinza, na yote ina nyama choma). Someni halafu mfute.

Mnajua kwamba mie nilisomea upishi wa hoteli. Cheti ninacho, kina muhuri. Hoteli yenyewe ndiyo sikuiona, nikaishia kupika chai kwenye ofisi hii ya kutoa mizigo bandarini. Siku bosi aliponunua kompyuta, sekretari akagoma kuigusa, akasema ina mionzi inayoharibu kizazi. Ikakaa imefunikwa kitambaa kama maiti. Nikaanza kuichezea mie. Nimejifunza kwa kubonyeza na kuomba dua. Leo hii hapa ofisini hakuna kontena linalotoka bila Hawa kukaa mbele ya ile mashine. Lakini cheti changu bado kinasema najua kupika sosi.

Sasa ofisi inauzwa. Mwekezaji anakuja, na mnajua wawekezaji wakija wanaanza na nini. Wanaanza kupunguza, na wa kwanza kupunguzwa ni sie tusio na karatasi. Ndiyo maana nilipoona tangazo gazetini moyo ukaruka. Kampuni moja ya Maskati inatafuta watu wa kutengeneza kompyuta kabla ya mwaka elfu mbili, maana inasemekana siku hiyo zitachanganyikiwa zote. Sharti: shahada. Nikaomba hivyohivyo. Niliandika kwamba nina mafunzo ya juu. (Juu ya nini sikusema. Darasa letu lilikuwa ghorofani.)

Wakajibu kwa faksi! Watanipigia simu leo asubuhi wanifanyie usaili. Tuletee namba, wakasema.

Namba gani? Ya ofisini siwezi kuitoa, bosi angesikia. Nyumbani kwetu Kinondoni tumeomba laini tangu baba yu hai. Nikamwendea Mama Neema, jirani yetu Mchaga, mwenye simu sebuleni. Simu yake ni ile ya kuzungusha, na kwenye kizungushio ameweka kufuli, ufunguo uko shingoni pamoja na msalaba. Akakubali mara moja. "Kupigiwa ni bure, mwanangu. Ila usije ukampigia wewe."

Nikamwomba na binamu yangu Idrisa anisaidie. Idrisa ndiye mwenye shahada ya kompyuta, ya chuo kikuu, imewekwa kwenye fremu. Tangu amalize yuko nyumbani anasubiri kazi ya hadhi yake. Nilimuuliza kwa nini asiombe hii yeye mwenyewe. Akanitazama kwa huruma. "Maskati? Mie nangoja Kanada." Lakini akakubali kukaa karibu yangu na vitabu vyake, nikikwama aninong'oneze.

Asubuhi nikavaa suti. (Ndiyo, suti, kwa simu. Chekeni.) Mama yangu naye akaja na tasbihi yake, eti kunisindikiza. Mama Neema akatandaza vitambaa vipya kwenye makochi. Tukakaa wanne tunaitazama simu kama inataka kuzaa.

Ikalia. Nikaruka, nikakanyaga buibui la mama.

"Halo!"

Sauti ya mwanamume, Kiingereza kizito, kinatoka kooni. Akajitambulisha kwamba anaitwa Bwana Seif, mkuu wa kitengo cha kompyuta. Akaniuliza habari za Dar es Salaam. Nikamjibu vizuri. Nikafunika ile sehemu ya kuongelea kwa ncha ya mtandio, nikawageukia wenzangu nikasema kwa Kiswahili, "Mwarabu huyu! Anaongea kama ana tende mdomoni."

Wakacheka. Mama akasema, "Muulize kama nyumba wanatoa."

Bwana Seif akauliza swali la kwanza: hili tatizo la mwaka elfu mbili ni nini hasa? Jamani, hilo nilikuwa nalijua! Nilishalikuta hapa ofisini mwaka huu, tulipojaribu kuingiza mzigo wa kufika Januari mwakani. Kompyuta inaandika tarakimu mbili tu za mwisho za mwaka, ikiona sifuri sifuri inadhani tumerudi elfu moja mia tisa. Ikanidai ushuru wa kuweka mzigo kwa karne nzima. Nikamweleza, nikamweleza na nilivyoirekebisha. Maneno yalitoka kama maji ya bomba, tena siku ambayo si ya mgao.

"Vizuri sana," akasema. "Vizuri mno."

Ningekata simu pale, wenzangu, leo ningekuwa napanga sanduku.

Akauliza swali la pili, kuhusu kuunganisha kompyuta nyingi ziongee zenyewe kwa zenyewe. Sie hapa tunayo moja. Inaongea na nani? Nikafunika simu kwa mtandio. "Idrisa! Anauliza za kuunganisha!" Idrisa akafungua kitabu, akanisomea aya nzima, nami nikaikariri kwenye simu pamoja na mahali alipokohoa.

La tatu hivyohivyo. La nne hivyohivyo. Nikaanza kujiamini, unajua ile ya kukunja nne. Mama akaninyooshea kidole: "Hawa, muulize ameoa?"

"Mama!"

"Si kuuliza tu? Sauti yake nzuri. Nyie wasichana wa siku hizi mnachagua mpaka mnachacha."

Nikafunika simu, nikamwambia mama anyamaze, huyu bwana mwenyewe anaelekea mzee na huenda ana kitambi cha kubeba kwa toroli. Mama Neema alicheka mpaka akafuta machozi.

Bwana Seif akakohoa. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Bi Hawa, umewahi kufanya kazi na Zambolini?"

Zambolini! Nikamtazama Idrisa. "Zambolini ni nini?"

Idrisa akapekua kitabu cha kwanza, akapekua cha pili. Nikaona jasho linamtoka puani. Halafu akafumba macho kama profesa, akanong'ona, "Ni programu. Ya mabenki. Imetoka Italia. Mwambie umeitumia sana."

"Una hakika?"

"Mwenye shahada nani hapa, wewe au mie?"

Basi nikasema. Jamani nikasema! "Ndiyo, Bwana Seif, Zambolini naifahamu vizuri. Nimeitumia miaka miwili. Toleo la kwanza lilikuwa zito kidogo, lakini toleo la pili lina kasi sana."

Nikasikia kitu kama mtu anayeziba mdomo kwa mkono.

Kisha ile sauti ikatoka tena. Safari hii kwa Kiswahili. Na si Kiswahili cha kubabaisha, ni Kiswahili cha Unguja kilichonyooka, kinachoteleza.

"Sikiliza, mwanangu Hawa. Zambolini ni paka wa binti yangu. Hilo toleo la pili mimi sijaliona, labda akizaa."

Nikautazama ule mtandio.

"Na ile tende," akaendelea, "nimeshaimeza. Nyumba tunatoa. Mwambie mama shikamoo yake, na mwambie nimeoa, wake wawili wananitosha. Kitambi kipo, ila toroli bado sijahitaji."

Nikataka kusema samahani, ikatoka sauti ya kuku. Mama yangu, aliyekuwa amesogeza sikio mpaka kwenye simu, akaipazia sauti: "Marahaba baba! Kwenu wapi?"

"Malindi ya Unguja, mama. Nimeondoka kijana."

"Malindi kwa nani?"

Wakaanza kutafutana ukoo! Mie nimeshika simu katikati yao kama nguzo, kazi yangu inaungua, wao wanataja majina ya marehemu. Ikaonekana shangazi yake mmoja aliwahi kukaa jirani na dada yake bibi yangu. Mama akafurahi sana. Nikasema moyoni, labda huku ndiko kupona.

Wapi! Akarudi kwangu. "Hawa, mimi shahada sina. Nimesomea ufundi wa majokofu. Aliyenifundisha kompyuta huku ni Mhindi aliyesomea sheria. Tangazo linaandika shahada kwa sababu wakubwa wanapenda kuisoma, lakini hapa kitengoni karibu sote tumedandia. Jibu lako la kwanza lilikuwa la mtu anayeifanya kazi kwa mikono yake. Nilishakuwekea alama ya ndiyo. Nikataka tu kukusikia ukisema neno moja, nalo ni sijui. Nimekuuliza mara ngapi, hukulisema. Mtu asiyeweza kusema sijui akishika kompyuta za benki, tutaamka siku hiyo ya elfu mbili hatuna benki."

"Sijui!" nikasema. "Bwana Seif, sijui! Sijui kitu chochote!"

"Sasa umechelewa, mwanangu."

Hapo ndipo Idrisa alipofanya la kufanya. Idrisa huyu wa Kanada! Alininyang'anya simu, akasimama wima, akafunga kifungo cha shati. "Shikamoo mzee. Samahani. Huyu dada yangu kweli kasomea upishi. Mie ndiye mwenye shahada, ninayo hapa, ninaweza kuja hata wiki ijayo."

Sote tulisikia jibu, maana Bwana Seif aliongea taratibu kama anayemwelekeza mtu njia. "Aa, wewe ndiye uliyesema ametoka Italia?"

Simu ikakatika.

Mama Neema akainuka, akafunika simu kwa kitambaa chake. "Poleni," akasema. Halafu akaingia chumbani, akafunga mlango, tukasikia kitanda kinavyotikisika kwa kicheko chake. Mwanamke yule tangu afiwe na mumewe sijawahi kumsikia akicheka vile. Angalau mmoja amefaidika.

Njiani Idrisa alisema kosa ni langu, sikutamka Zambolini vizuri. Mama alinishika mkono. Nilidhani atanipa pole. Akasema, "Lakini mtu wa watu yule. Wawili tu? Dini inaruhusu wanne."

Nikaja ofisini na suti yangu. Nisiwadanganye, nililia kidogo chooni. Kilichoniuma si Maskati. Kinachoniuma ni kwamba lile jibu la kwanza lilikuwa langu mwenyewe, nilikuwa nalijua, na lilitosha. Halafu nikaazima akili ya mtu aliyekaa nyumbani mwaka wa pili na fremu yake.

Bosi karudi, mdomo unang'aa mafuta. Kaniuliza kama ile kompyuta inaweza kumtolea orodha ya watu wa kupunguzwa. Nimemwambia sijui. Kashangaa sana.

Basi, wenzangu, naombeni msinicheke. Na mkishindwa kujizuia, chekeni kwa Kiingereza, maana Kiswahili nimegundua kinasikika mbali.