Joka la Masjala

Jumatatu, 3 Machi
Nimeamua. Nitasema! Miaka tisa nimewaambia wenzangu wa masjala kwamba kila Jumamosi nina kikao cha ukoo. Uongo mtupu. Huwa naketi mezani na marafiki watatu, mimi nikiwa mchawi mkuu, tukicheza mchezo wa hadithi: msimulizi anaeleza hatari, kila mchezaji anasema shujaa wake anafanya nini dhidi ya majoka ya kubuni, na dadu inaamua. Sasa mkuu wa masjala anastaafu, na mkurugenzi anatafuta mrithi mbunifu. Nani mbunifu kuliko mtu mwenye majoka? Mke wangu ameniuliza kama nina homa.

Jumanne, 4 Machi
Nimesema, wakati wa chai. Mama Mihuri wa meza ya pili, ambaye naye anakitolea macho cheo hicho, akauliza kwa sauti ya kufika ghorofa ya juu, "Mzee mzima, na mvi zote hizo?" Dereva wa ofisi alicheka hadi chai ikamtoka puani. Lakini mkurugenzi alikuwa mlangoni! Anataka kucheza. Kesho mchana. Mama Mihuri aliacha kucheka ghafla.

Jumatano, 5 Machi
Balaa. Safari hii mimi ndiye niliyekuwa msimulizi, nikampa mkurugenzi nafasi ya shujaa mwenye upanga. Nikawafikisha wote kwenye pango la joka. Hakuna aliyepigana! Dereva alitaka kujua nani ameidhinisha safari. Mama Mihuri aliliandikia joka barua, akaigonga muhuri, akashauri tusubiri majibu siku kumi na nne. Mkurugenzi akampongeza! Nikalitoa joka pangoni kwa hasira. Mkurugenzi akarusha dadu: moja. Kwa kanuni, moja ni kifo. Akaomba arushe tena. Dereva alinikanyaga mguu chini ya meza, mara mbili. Mama Mihuri aliapa kwamba mkono wa bosi uliteleza. Nikasema, "Samahani, bosi, wewe ni majivu."

Alhamisi, 6 Machi
Mkurugenzi hakuitikia salamu yangu. Mke wangu alinipigia simu kunisihi nikamfufue tu, cheo kisinipite. Nikaenda. Nikamweleza kwamba kanuni zinaruhusu kufufuliwa, ila kwanza akiri kwa maandishi kwamba dadu ilionyesha moja. Alinionyesha mlango.

Ijumaa, 7 Machi
Tangazo limebandikwa ukutani. Mama Mihuri ndiye mkuu wa masjala. Tutacheza kila Jumatano, yeye akisimamia. Mkurugenzi amekwisha kufufuliwa, tena amepewa farasi. Farasi! Kanuni gani inampa maiti farasi? Nimeandika malalamiko ya kurasa sita, pamoja na viambatisho. Jumatatu asubuhi nitamkabidhi mkurugenzi mwenyewe, mkononi. Akiyasoma, atajua ni nani aliyestahili cheo.