Sahani Yangu Kwenye Sadaka

Leo nimeumbuka. Na nina hasira, kwa hiyo msiniambie pole.

Mnajua mimi ni mchongaji wa mawe ya sabuni, yale laini, hapa Tabaka. Mnunuzi wangu wa ng'ambo alichoka na mambo ya benki, akaniambia nifungue pochi ya mtandaoni, ya zile pesa zisizo na benki wala meneja. Nikapata programu ya wanaoanza, tena kwa Kiswahili. "Rahisi kuliko kuchemsha chai!" Waongo wakubwa!

Ikanipa maneno kumi na mawili ya siri. Anayeyajua ndiye mwenye pesa. Ikaniagiza niyaandike mahali pasipoungua wala kulowa, nisimwonyeshe mtu. Karatasi inaungua. Mimi nina nini? Jiwe! Nikayachonga kwenye sahani, ukingo mzima, nikaing'arisha (mjinga, lakini fundi). Nikaificha chini ya kitanda. Ndani ya pochi hiyo kuna karo ya binti yangu Moraa, anayeingia chuo.

Leo Sabato, kanisani, sadaka ikaanza kukusanywa. Kwenye sahani yangu!

Nikamgeukia mke wangu. "Mama Moraa, hiyo umetoa wapi?"

"Si kanisa liliomba sahani? Nikajua umechonga ya Mungu, unaona tu haya."

Kabla sijapumua, shemasi akaiinua, akashika maikrofoni. "Wapendwa, hapa kuna ujumbe! Tusome pamoja. Asali..."

"ASALI!" kanisa zima likaitikia.

"Daraja..."

"DARAJA!"

Hata waliokuwa wanasinzia waliamka. Kwaya ilikuwa inarekodi kwa simu. Walipofika neno la saba, sikungoja la nane. Nilimnyang'anya shemasi sahani, noti zikaruka, nikatoka mbio.

"Baba Moraa! Rudisha sadaka! Yaye, mshikeni!" shemasi akapiga kelele.

Nilijifungia ndani ya choo cha kanisa. Humo ndimo nilimofungua pochi mpya na kuhamisha pesa, siku ya Sabato, wazee wawili wakigonga mlango. Karo imepona. Jina langu halijapona.

Na hiyo pochi mpya imenipa maneno mengine kumi na mawili! "Yaandike mahali salama." Salama wapi, katika nyumba ya Mama Moraa?

Jumanne nimeitwa mbele ya wazee wa kanisa kueleza kwa nini nilikimbia na sadaka. Atakayecheka aje yeye awaeleze, kama kweli ni rahisi kuliko kuchemsha chai.