Maoni ya Mwalimu, Vidole Vyangu

Jumatatu, 3 Machi

Katoka tena gazetini. Mwalimu mstaafu, mteja wangu, ukurasa wa maoni ya wasomaji, juu kabisa. Safari hii ni vinyago vya mababu vilivyochukuliwa zamani na kuwekwa kwenye makumbusho ya ng'ambo. Anasema virudishwe, bila masharti. Mke wangu kachukua mkasi, kaikata barua, kaibandika kwenye mlango wa kabati la vyombo. Ni ya sita. Zangu hapo kabatini: hakuna hata moja.

Na nani anayempigia chapa? Mimi. Analeta karatasi hapa dukani kwangu, mwandiko kama njia ya siafu. Mimi nachapa, mimi natuma gazetini kwa barua pepe ya duka, kisha namtolea na nakala ya kumbukumbu. Ananiita bwana mdogo. Nina miaka hamsini na moja!

Gazeti limetangaza kwamba mwisho wa mwezi litamchagua msomaji mmoja, apewe safu yake ya kila wiki, na picha. Nafasi ni moja. Mimi picha nimeshapiga.

Jumatano, 5 Machi

Mpango. Mwalimu kaleta maoni ya mazingira. Anasema matajiri wanaoshinda kwenye ndege, kisha wakalipia miti ipandwe nchi za mbali ili kufuta moshi wao, wanajidanganya. Ni sawa na mtu kuchafua sebule yake akamlipa jirani afagie ya kwake. Nikakiri moyoni kwamba ni kweli. Ndiyo maana roho imeniuma.

Nikageuza kila kitu. Alipopinga, nikamfanya aunge mkono. Wale wa ndege nikawafanya mashujaa wa misitu. Nikatuma. Wasomaji wamcheke, mhariri amchoke.

Ijumaa, 7 Machi

Imetoka. Mhariri kaizungushia mstari na kuongeza neno lake, kumsifu mzee mwenye ujasiri wa kwenda kinyume na wengi.

Mwalimu kaja dukani. Nikainama nyuma ya mashine ya fotokopi, nikijifanya natoa karatasi iliyokwama. Akasoma barua mara mbili, akavua miwani. Akasema ajabu, hakumbuki kufikiri hivyo, ila hoja zimekaa vizuri. Labda alibadili msimamo katikati ya kuandika, uzee huo. Akanishukuru kwa kazi safi.

Kabatini: ya saba. Nimejipalia makaa mwenyewe.

Jumapili, 9 Machi

Nimeandika yangu. Kwa kuwa Mwalimu kasema vinyago virudi, mimi nasema vibaki huko huko. Wanavitunza, wamevipa taa na kiyoyozi. Nikamsomea mke wangu. Akauliza, basi na kigoda cha babu alichokichukua kaka yangu mkubwa kibaki kwake, maana anakifuta vumbi?

Nikamwambia asichanganye mambo. Kigoda kile huu ni mwaka wa kumi na moja nakidai. Kaka ni mwizi. Mambo ya makumbusho ni ya kitaalamu. Akageukia kabati, akasoma tena za Mwalimu, akatabasamu. Mimi hajanitabasamia tangu nilipotengeneza bomba la jikoni, na bomba lenyewe bado linavuja.

Jumanne, 11 Machi

Barua ya vinyago hawajaitoa. Lakini si hilo lililoniharibia siku.

Dada yangu kapitia dukani akitokea duka la dawa, mara ya tatu hii. Ana kisukari, na sindano yake ni ya kila wiki. Mfamasia kamwambia zimekwisha. Wapo wasioumwa chochote wanaozinunua ili wapungue unene kabla ya kupiga picha. Dada akakaa kwenye kiti cha wateja, akavua viatu, miguu imevimba. Akasema atajaribu tena Alhamisi. Hakulalamika. Afadhali angelalamika.

Alipoondoka nikaandika. Sikumfikiria Mwalimu hata kidogo, wala safu, wala picha. Niliandika kwamba dawa ni ya anayeumwa kwanza, na anayetaka kiuno chembamba asubiri nyuma yake kwenye foleni. Nikaandika habari za dada yangu anayevua viatu kwa sababu vimekuwa vidogo tangu asubuhi. Dakika ishirini tu. Nikatuma bila kurudia kusoma.

Alhamisi, 13 Machi

Imetoka, nusu ukurasa! Chini yake: jina la Mwalimu.

Nimefungua nilichotuma. Ni mimi niliyeliandika. Miaka mitatu karibu barua zote zinazotoka duka hili kwenda gazetini zinaishia na jina lake na sanduku lake la posta. Vidole vimezoea, havikuniuliza.

Mke wangu kamsomea wifi yake kwa sauti. Dada akalia. Mke wangu akasema Mwalimu ana moyo, kaandika kana kwamba alikuwa amekaa nasi. Nikawaambia aliyeandika ni mimi. Wakatazamana. Mke wangu akasema, kwa upole kabisa, kwamba wivu nao ni ugonjwa, ila huo sindano yake haijapatikana.

Ijumaa, 14 Machi

Mwalimu kaja na gazeti kwapani. Anasema hii hakuandika, na safari hii si uzee, maana yeye hana dada. Akasema imezishinda zake zote, na aliyeiandika ndiye anayestahili safu. Akaniangalia. Kama namjua mtu huyo, yuko tayari kwenda naye kwa mhariri leo hii na kusema ukweli.

Mzee mjanja. Nikashtukia mtego papo hapo. Mtu gani anagawa sifa bure? Lazima barua ina kasoro, anataka kunibebesha mimi. Na nikifungua mdomo kuhusu hii, ataniuliza na ile ya miti. Nikamwambia ni yake, nimeichapa mwenyewe, karatasi nimetupa. Akalikunja gazeti lake. Akasema haya, bwana mdogo, akaenda.

Hanipati.

Ijumaa, 28 Machi

Safu kapewa yeye. Kwa ajili ya barua ya sindano, mhariri kasema wazi. Mwalimu alijitetea kwamba si yake, mhariri akamsifu kwa unyenyekevu.

Sikulia. Nimekaa kwenye kompyuta nikaandika jibu la kuipinga barua ile, hoja kwa hoja. Udhaifu wake naujua kuliko mtu yeyote. Nimesema mnene naye ni mtu, na mwenye kuwahi dukani ndiye mwenye dawa. Nimesema wagonjwa wa kisukari waache kutuonyesha miguu yao ili tuwahurumie. Jina langu nimelikagua mara nne.

Jumatatu, 31 Machi

Imetoka. Jina langu, herufi zote. Subira yavuta heri.

Mke wangu kaisoma akiwa amesimama. Akakunja nguo zake chache, akaenda kwa dada, hakusema atarudi lini. Dada nimempigia simu mara tano nimsomee, hapokei. Mara ya sita kapokea mke wangu, akakata.

Katika uandishi nimejifunza jambo moja kubwa. Ukifanikiwa tu, wa kwanza kukuonea wivu ni ndugu zako mwenyewe.