Ndege Moja Iliyoruka Kweli

Jumatatu, 3 Machi

Wivu umeninyima hamu ya chai. Jana walipita wageni wawili wakiuliza ile sinema ya marubani wa vita ilipigwa wapi hapa mjini, miaka ile. Nani kawajibu? Shemeji yangu fundi matairi, kaka wa mke wangu! Wakati wa sinema alikuwa kitandani na surua. Mimi nilikuwemo! Nilikufa mara mbili: asubuhi fundi wa injini, alasiri adui. Wanarudi Jumamosi. Nitawatembeza mimi. Mke wangu kauliza kama bado napakumbuka. Kama jana, nikamwambia. Akaguna.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kukagua. Masikitiko! Banda la ndege sasa ni ghala la magodoro. Mlinzi kanifukuza kabla sijamaliza salamu. Njia ya kurukia imeota majani, na palipo wazi watu wanajifunza udereva. Nikasimama pale tulipokuwa tukinywa chai chini ya mabawa. Ndege zote zilikuwa za mbao, isipokuwa moja iliyoruka kweli. Upepo ukivuma, zile za mbao zililia kama vitanda vibovu. Harufu ya rangi mbichi, redio ya mpishi, vicheko vya wasichana waliokuja kupunga mikono... Machozi yalinilenga. Hapo gari la mwanafunzi likanijia kinyumenyume. Nikarukia mtaroni. Suruali basi tena.

Isitoshe, ni mbali. Nyuma ya nyumba yangu kuna uwanja wa mpira. Nyasi ni nyasi.

Alhamisi, 6 Machi

Shemeji katundika kibao kwenye karakana yake: HAPA RUBANI ALIMUAGA MCHUMBA WAKE. Uongo mchana kweupe! Nami nikatundika changu mlangoni: HAPA RUBANI ALILALA. Mke wangu kataka kujua ni rubani gani aliyelala nyumbani kwake, na yeye alikuwa wapi. Kibao kimeshuka.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya aibu. Wageni wamekuja, dada na kaka yake, watu wazima wenye mvi. Nimewafikisha uwanja wa mpira, nikanyoosha mkono: ndege ilikimbia kutoka goli hili, ikapaa juu ya goli lile! Yule dada akatoa picha kwenye mkoba. Baba yao, marehemu sasa. Ndiye aliyeirusha ile ndege moja ya kweli. Alikuwa akiwasimulia habari za hapa hadi alipougua. Akainama, akachota udongo, akaufunga kwenye leso.

Mkono wangu ulikuwa bado umeelekezwa kwenye goli. Nikaushusha.

Mke wangu alikuwa amefika na chupa ya chai. Akaitazama ile leso, akanitazama mimi. Akasema, “Mwanangu, mwaga huo udongo. Baba yenu hakurukia hapa. Twendeni.”

Akamwita kaka yake alete pikapu. Shemeji kaja bila kuuliza, na hakunicheka. Hilo liliniuma zaidi.

Kule kwenye njia ya kurukia, mke wangu kazungumza na mwalimu wa udereva, magari yakasimama yote. Akawaonyesha ndege ilipogeukia, na mahali waliposimama wao wasichana, yeye wa pembeni, kavaa gauni la buluu la kuazima. Baba yao alipita chini sana, mke wangu akasema, hadi kitambaa chake cha kichwa kikapeperuka. Kisha akainua mkono, akaipungia mbingu tupu. Wale ndugu wawili nao wakapunga. Shemeji naye! Dada akachota udongo upya, akilia na kucheka.

Mimi nilimwona msichana wa buluu. Siku ile nilikuwa maiti karibu na miguu yake, nikainua kichwa kumuuliza jina. Mwongozaji alipiga kelele kuwa maiti hawatongozi. Walirudia kupiga upya, na baba yao akalazimika kuruka tena. Niliwasimulia hilo. Kaka mtu akanishika bega: kumbe ndiye wewe! Baba alikuwa akicheka sana akifika hapo.

Jumapili, 9 Machi

Nimemuomba mke wangu radhi. Kasema kama maiti sikuwa mbaya. Tumekaa barazani mchana kutwa tukikumbushana. Nimemuahidi: kuanzia sasa ukweli mtupu.

Jumatatu, 10 Machi

Asubuhi nimekuta mgeni darajani, kasimamisha chombo chake chenye miguu mitatu. Nikamuuliza anatafuta sinema gani. Kasema yeye ni mpima barabara tu. Nikamwambia basi ana bahati, maana manowari ilizamishwa papo hapo chini yake, mbele ya macho yangu. Akachungulia kijito. Bata alikuwa amesimama katikati, maji hayajamfika magotini.

Nikamwambia mwaka ule mvua zilikuwa nyingi.